Kabla Hujatia Nanga: Sheria na Adhabu za Mbuga ya Baharini ya Mombasa

Simama Pirates siku ya pili ya Idi, pale Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, uitazame bahari. Utaona vichwa vya watu, matairi ya kukodi, ngamia aliyechoka kupigwa picha, mashua zenye sakafu ya kioo zikisubiri abiria, na mbali kule ule mstari mweupe ambapo mawimbi huvunjikia mwambani. Mpaka hutauona. Hakuna ukuta wala lango. Hata hivyo sehemu ya maji hayo ni mbuga ya kitaifa, na mbele ya sheria kumtoa samaki aitwaye changu mle ndani kunakaribiana sana na kumtega swara Tsavo.

Watu niliowaona wakiingia matatani hapa kwetu, wengi wao hawakuwa majangili. Alikuwa mtu na kombe la baharini mfukoni, au kijana wa boti aliyetia nanga juu ya matumbawe kwa kuwa boya la kufungia chombo lilikuwa limeshikwa na mwenzake, au baba aliyetoka bara na watoto wake akanunua mshipi njiani ili wajifunze kuvua. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya hao, na kwa nahodha chipukizi ambaye bado hajaulizwa maswali magumu na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS.

Hatua ya kwanza: jua uko ndani ya nini

Mwaka 1986 serikali ilitangaza maeneo mawili, na majina yake yanafanana mno. Kuna Mbuga ya Kitaifa ya Baharini ya Mombasa, kilomita 10 za mraba tu, mbele ya Bamburi na Nyali. Halafu kuna Hifadhi ya Kitaifa ya Baharini ya Mombasa, kilomita 200 za mraba, ambayo imeizunguka Mbuga. Yote mawili yanasimamiwa na KWS. Wavuvi hawana haja na majina marefu. Mbuga wao huiita paki, basi.

Ndani ya Mbuga hutoi kitu. Samaki hutoi, pweza hutoi, na hata kombe tupu au kipande cha tumbawe kilichokufa unakiacha kilipo. Unaruhusiwa kuogelea, kupiga mbizi, kutazama kupitia kioo cha mashua na kupiga picha zako. Ndani ya Hifadhi uvuvi unaruhusiwa, ila kwa zana za kienyeji zilizo halali na kwa mvuvi aliyesajiliwa. Karibu kila kesi ya hapa huanza na swali hilo moja: ulikuwa upande gani?

Mpaka huu haukuwekwa bila maumivu. Kwa wazee wa Bamburi na Nyali, maji yaliyogeuzwa kuwa Mbuga yalikuwa shamba lao. Mtu aliyerithi mahali pa kutegea malema, yaani mitego ya samaki, kutoka kwa babake aliambiwa asogee, akasogea. Kwa hiyo mzee akikuambia kwamba alinyang'anywa bahari, usimcheke, maana anasema aliyoyapitia. Ila muulize pia siku hizi anatega wapi. Wengi watakujibu: mstarini. Malema hupangwa karibu kabisa na mpaka, upande wa Hifadhi, kwa sababu samaki waliokua ndani bila kusumbuliwa hutoka nje kutafuta malisho, na samaki hajasoma gazeti la serikali.

Kuna samaki anaitwa kikande, mwenye mdomo mdogo na meno ya kuvunjia vitu vigumu. Chakula chake kimojawapo ni yule kiumbe wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, ambaye kila aliyewahi kumkanyaga anamkumbuka bila kutajiwa jina. Kikande akivuliwa hadi akaadimika, wale wa miiba huongezeka kupita kiasi, wakaguguna mwamba hata ukabaki kifusi. Watafiti waliofanya kazi kwa miaka mingi katika miamba ya Kenya wameliona hilo: penye uvuvi mwingi miiba imetapakaa, na ndani ya mbuga zilizolindwa vizuri kikande yupo na miiba ni michache. Ukitaka kuthibitisha kwa nyayo zako mwenyewe, mimi sikushauri.

Sasa, mpaka utaujuaje? Nenda ofisi ya KWS iliyo ufuoni Bamburi, uombe uonyeshwe ramani. Waombe nukta za mpaka, uziingize kwenye simu au kwenye kifaa cha GPS cha boti. Maboya ya mpaka yanasaidia, lakini usiyategemee peke yake. Kusi ikichacha boya hukatika kamba likaenda zake, na mahakama haitakubali utetezi wa "sikuliona boya". Ukiwa na shaka uko upande gani, jichukulie uko ndani.

Hatua ya pili: lipa mahali panapostahili

Kuingia Mbuga kunalipiwa. Raia wa Kenya, mkazi na mgeni wa nje hulipa viwango tofauti, na mtoto halipi sawa na mtu mzima. Viwango hubadilika, kwa hiyo angalia vilivyopo siku unayokwenda. KWS haipokei pesa taslimu. Unalipa kupitia eCitizen, na M-Pesa inatosha. Risiti inakujia kwenye simu. Beba kitambulisho, maana bila hicho utatozwa kama mgeni na ubishi wako wa Kiswahili sanifu hautasaidia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeliwa. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka binamu yangu wa Voi baharini. Kijana mmoja mwenye fulana ya kijani na kitambulisho kinachoning'inia shingoni akatuambia "ada ya paki" iko kwake, tukampa noti mkononi. Tulipofika majini askari wa kweli wakaja na boti yao, wakaomba risiti. Hatukuwa nayo. Tulilipa mara ya pili, safari hii kwa simu, huku binamu yangu akinitazama kama mtu aliyeletewa mchele wenye mawe. Tangu siku hiyo, bila risiti sipandi boti.

Nahodha akikuambia kwamba bei yake "ina kila kitu", mwambie akuonyeshe risiti ya kuingilia yenye idadi ya watu wenu. Wengi ni waaminifu na watakuonyesha bila kununa.

Hatua ya tatu: mchague nahodha kwa swali moja

Vyombo vidogo vinavyobeba abiria vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA. Chombo kiwe kimekaguliwa, na kila abiria awe na jaketi la kuokoa maisha, avae tangu mwanzo, asilikalie kama mto. Hayo ni ya usalama wako.

La usalama wa mwamba ni hili: kabla hamjaondoka muulize nahodha mtafunga wapi chombo. Mimi nilifundishwa swali hilo na mzee mmoja wa Bamburi aliyekuwa akiendesha mashua ya kioo tangu mimi sijaota ndevu.

"Baba, mkifika huko mnatia nanga?"

"Natia nanga ya nini, mwanangu? Kuna boya. Boya likishikwa nangoja, au nashika kamba ya mwenzangu. Nikikosa vyote nazungukazunguka mpaka mumalize kutazama. Nanga moja ukiiburuta, umevunja kazi ya Mungu ya miaka mia."

Hesabu yake si ya kutia chumvi. Matumbawe yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Jiwe lenye urefu wa kiuno cha mtu mzima lilianza kukua kabla ya babu yako kuzaliwa. Nanga huligawa vipande kwa dakika moja.

Nahodha akikujibu, "Tutatupa nanga popote, usijali," mshukuru, tafuta mwingine. Na wewe nahodha chipukizi, jua kwamba askari wakikukuta na mnyororo umelala juu ya matumbawe, hawatamkamata abiria. Watakukamata wewe, na chombo kinaweza kuzuiliwa kama kielelezo. Chombo kikizuiliwa, siku zote za kesi huna kazi.

Halafu wakati. Bahari inatulia na maji yanang'aa zaidi wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi. Wakati wa kusi maji huchafuka na mashua nyingi hazitoki. Siku za bamvu maji hukupwa sana hata mwamba ukaachwa wazi, watu wakashuka kutembea juu yake na viatu vya raba. Ni siku nzuri ya kutembea ufuoni, na mbaya ya kukanyaga mwamba, kwa sababu ndipo unapoufikia kwa miguu. Baki mchangani.

Hatua ya nne: majini, mikono yako iwe ya kutazamia tu

Sheria inasema usiharibu, usichukue, usisumbue. Watu hudhani kuharibu ni kupiga nyundo. Kumbe matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi juu ya nyumba ya chokaa waliyoijenga wenyewe, na ngozi yao ni laini. Kuyakanyaga ni kuyaua. Kama hujui kuogelea vizuri, shika pete ya kuelea anayoishika nahodha, na uinue miguu ukichoka. Kusimama juu ya jiwe "kidogo tu upumzike" ndilo kosa ninaloliona kila safari.

Mwaka 1998 maji ya pwani yote ya Kenya yalipata joto lisilo la kawaida kwa ajili ya El Niño, matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa. Sehemu ziliumia vibaya na kurudi kwake kumekuwa kwa polepole. Joto la bahari hatuna uwezo wa kulizuia kutoka Bamburi. Miguu yetu tunaiweza.

Mkate sasa. Wako wanaobeba silesi kuwatupia samaki ili abiria wazungukwe na samaki wa mistari myeusi na ya njano. Picha inatoka nzuri kweli. Lakini samaki anayeshiba mkate haendi kuguguna mwani, na mwani usipoliwa huyafunika matumbawe. Usilishe, na nahodha akikupa mkate, ule wewe.

Kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano, asitolewe majini hata kwa sekunde za picha. Akipitishwa mkono kwa mkono na familia ya watu 12 juani, mnamrudisha baharini maiti. Kombe tupu nalo si takataka. Kuna kaa wadogo wasio na gamba lao wenyewe wanaohamia humo, na wakikosa nyumba huliwa.

Kununua je? Ukiwa umekaa mchangani mtu atakuletea kombe kubwa linalong'aa, au tumbawe jeupe lililochemshwa, akuambie limetoka Lamu, au Tanzania, au popote mbali na hapa. Usinunue. Ushahidi wa lilikotoka hutakuwa nao. Matumbawe magumu yamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mizigo hukaguliwa uwanja wa ndege wa Moi. Aliyekuuzia hatakuwapo pale.

Droni ni suala la idara mbili: Mamlaka ya Safari za Ndege, KCAA, kwa kibali cha kurusha, na KWS kwa kibali cha kupiga picha juu ya mbuga. Ukikosa kimoja, iache hotelini.

Hatua ya tano: kwa mvuvi, au anayetaka kuwa mvuvi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye riziki za watu.

Jisajili kwanza na kamati ya BMU ya bandari yako ya uvuvi, halafu uchukue leseni ya mvuvi, na chombo chako kisajiliwe. BMU ni kamati za wavuvi wenyewe, zinatambuliwa kisheria, na ndizo zinazojua nani ni nani. Mvuvi mgeni anayeanza kwa kuwasalimia wazee wa BMU hupata kuelezwa mpaka, zana, na hata ugomvi wa zamani asiouona kwenye karatasi. Anayeshuka tu na nyavu zake alfajiri huonekana mwizi hata kama ana leseni.

Zana halali katika Hifadhi ni zile za kienyeji: mshipi na ndoana, malema, nyavu zenye matundu yanayoruhusiwa. Zilizokatazwa nazo zinajulikana. Juya, ule wavu mrefu unaokokotwa kutoka majini hadi ufuoni, lilipigwa marufuku kwa tangazo la gazeti la serikali la Novemba 2001, pamoja na bunduki ya kuchomea samaki. Juya hukokota kila kitu: samaki wadogo wasiofikia hata kiganja, majani ya bahari ambamo tafi hukulia, na vipande vya matumbawe. Bunduki humfuata samaki mmoja mmoja hadi ndani ya tundu lake, na mshale ukikosa unalipiga jiwe. Nyavu za nyuzi za plastiki nyembamba zisizoonekana majini zimekatazwa pia, na sababu yake ni mbaya zaidi kuliko inavyodhaniwa: wavu huo ukipotea hauozi, unaendelea kuua bila mwenyewe. Sumu na baruti sidhani nahitaji kueleza.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia mara nyingi nikiwa nimekaa na wavuvi wakishona nyavu. Juya huajiri vijana wengi kwa mara moja, hata asiye na chombo hupata mgao wake wa kitoweo. Ni kweli. Vijana wanaolivuta mara nyingi ndio masikini zaidi, na mwenye juya yuko nyumbani anasubiri hesabu. Ndiyo sababu naona ajabu kila msako unapowakamata wavutaji watano, na mwenye wavu jina lake halitajwi kokote. Lakini hoja hiyo haitakuokoa kizimbani. Ukivuta kamba ya juya, umevua kwa juya.

Kuchokoa pweza nako. Wanaokwenda na chuma wakati wa bamvu hudhani kwa kuwa wanatembea kwa miguu, hawako baharini. Mwamba uliokauka ndani ya Mbuga ni Mbuga. Vivyo hivyo kupita: njia yako ya kwenda nje ya mwamba ikikatiza Mbuga, pita moja kwa moja, zana zimefungwa na kavu. Ukikutwa umesimama mle na mshipi umelowa maji, kazi ya kujieleza ni yako.

Kasa akinaswa wavuni, hata kwa bahati mbaya, mtoe polepole, mkate wavu ikibidi, mwachilie. Akiwa amejeruhiwa wapigie KWS. Usimbebe nyumbani "kumtunza". Adhabu utaiona hapo chini na utanielewa.

Hatua ya sita: taka

Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini Kenya, zikiwemo fuo na mbuga. Chupa za maji, sahani na vijiko vya plastiki, mirija: viache nyumbani. Mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 28 Agosti 2017. Beba maji kwenye chupa ya kujaza, na viazi karai na mahamri kwenye bakuli la kifuniko. Mwenye boti, mafuta machafu ya injini rudi nayo nchi kavu. Usiyamwage "nje ya mwamba", kwa kuwa maji yakijaa huingia ndani.

Adhabu zenyewe, kwa shilingi na kwa miaka

Sheria kuu ni ile ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, pamoja na marekebisho yake. Usidanganywe na neno wanyamapori. Linawahusu viumbe wa baharini pia. Angalia jinsi ilivyoandikwa: makosa mengi yana kiwango cha chini, yaani "faini isiyopungua". Hakimu anaweza kupanda juu ya hapo. Kushuka ndiko kugumu, hata akikuonea huruma.

Kuingia mbugani bila ruhusa, au kufanya kazi yoyote ya kutoa rasilimali mle, ni faini isiyopungua shilingi laki 2, au kifungo kisichopungua miaka 2, au vyote viwili. Kwa mtu aliyekwenda kuchokoa pweza wa kitoweo, laki mbili ni pesa ya kuuzia mtumbwi.

Kuchafua eneo la wanyamapori kwa mafuta, maji machafu au taka za hatari: faini isiyopungua shilingi milioni 2, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Wenye majengo ya ufuoni wanaoelekeza bomba baharini usiku wausome mstari huu mara mbili.

Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku, chini ya sheria ya mazingira, ni faini kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili.

Kasa ndiye mwenye adhabu ya kutisha, kwa sababu kasa wote wa baharini wako katika orodha ya kwanza kabisa ya CITES. Kumuua, kumjeruhi au hata kujaribu kumuua kiumbe wa daraja hilo ni kifungo kisichopungua miaka 5, bila kutajwa faini ya kuchagua. Kukutwa na nyara yake, iwe gamba au sehemu yoyote, bila kibali: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote. Kuifanyia biashara: faini isiyopungua shilingi milioni 100, au kifungo kisichopungua miaka 20, au vyote. Ile bangili ya gamba la kasa ng'amba uliyorithi kwa bibi, usiivae kwenda Bamburi ukamwonyesha kila mtu. Peleka suali lake kwa KWS.

Juu ya faini na kifungo, mahakama inaweza kuamuru zana na chombo kilichotumika vitaifishwe. Hili watu hulisahau. Injini ya boti peke yake inaweza kuzidi faini. Makosa ya zana za uvuvi nje ya Mbuga huenda chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, nayo ina adhabu zake.

Hatua ya saba: ukikamatwa

Usikimbie. Boti ya doria ina injini mbili na wewe una moja, tena ya kuazima.

Askari wa KWS wana mamlaka ya kusimamisha chombo, kupekua, kushika zana na kukamata. Mwombe afisa akuonyeshe kitambulisho na akueleze kosa kwa lugha unayoielewa. Katiba ya 2010 inakupa haki hiyo, pamoja na haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa saa hizo zimeisha wikendi. Upande huu wa kaskazini mwa kisiwa, mahakama ya karibu ni ya Shanzu. Unaweza kuomba dhamana.

Hakuna faini inayolipwa majini. Faini hutamkwa na hakimu. Anayekuambia "tumalizane hapa" anakuuzia kosa la pili, la hongo, juu ya lile la kwanza. Hakikisha kila kilichoshikwa kimeandikwa, idadi na hali yake, na ukisome kilichoandikwa kabla hujatia sahihi. Kama ulikuwa upande wa Hifadhi na una nukta za GPS kwenye simu, huo ndio wakati wake.

Nimewasikia watu wakisema kumpigia mkubwa fulani simu ndiko kunakotoa mtu. Siwezi kusema hakujawahi kutokea Mombasa. Najua tu kwamba mwenye leseni, risiti na nukta za GPS huzungumza na askari kwa sauti ya kawaida.

Hatua ya nane: ukiona wewe

Ukiona juya linavutwa au chombo kimetia nanga kwenye matumbawe, usiende kugombana. Kumbuka saa, mahali, rangi na nambari ya chombo, piga picha kwa mbali, upeleke habari ofisi ya KWS au kwa BMU. BMU mara nyingi huwahi kufika, kwa kuwa wao wanaishi hapo. Walinzi wa Pwani nao, kikosi kilichoanzishwa kwa sheria ya 2018, wana jukumu la kusimamia sheria baharini.

La mwisho ni la usiku, na ni la wenye nyumba za ufuoni kuliko mtu mwingine. Kasa jike hupanda mchangani gizani kutaga. Ukimkuta, zima tochi, usitumie mwanga wa kamera, kaa nyuma yake na mbali. Akishtuka hurudi baharini na mayai yake tumboni. Akishamaliza na kuondoka, usifukue kuhakikisha. Weka alama mbali kidogo, usiweke kijiti juu ya shimo lenyewe, kwa maana wezi wa mayai nao husoma alama. Asubuhi wape KWS taarifa. Kiota kilicho karibu mno na maji au na viti vya wageni huhamishwa na wenye ujuzi.

Andika tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Mayai huchukua kama siku 60, zaidi au pungufu kwa wiki moja hivi kutegemea joto la mchanga. Vifaranga hutoka usiku wakaufuata mwanga, wakidhani ni bahari. Siku hizo zikikaribia, zima taa ya baraza inayotazama ufuoni, umwambie na jirani azime ya kwake.